Geuzeni Karatasi: Barua ya Wazi kwa Vijana Wetu wa Minnesota

Wanangu na wajukuu zangu,

Salamu kwenu nyote na kwa wazazi wenu.

Neno moja nimelisikia harusini, nikalisikia tena matangani, tena kwa watu wenye digrii zao: "Mwaka huu hakuna uchaguzi, Rais hachaguliwi." Mkiambiwa kuna kura ya mwendesha mashtaka wa kaunti, ya majaji na ya bodi ya shule, mnacheka. Wengine mmezaliwa hapa. Wengine mliletwa na wazazi walioshinda ile bahati nasibu ya green card iliyotokana na sheria ya 1990. Na bado siasa ya nchi hii mnaitazama kama fainali ya Kombe la Dunia, mara moja kila miaka minne, kisha televisheni inazimwa.

Sina haja ya kujua mnampigia nani. Baadhi ya ami zenu ni watu wa Trump kindakindaki, na tunakula nao pilau. Ninalotaka mlione ni kwamba mambo ya nchi hii yalipopinduka, mara nyingi aliyeshika usukani alikuwa mtu ambaye jana yake hakuna aliyemjua jina.

Tazameni Florida, Novemba 2000. Kaunti ya Palm Beach ina wazee wengi, na msimamizi wake wa uchaguzi, Theresa LePore, aliwahurumia macho yao. Wagombea urais walikuwa wengi, naye alitaka herufi ziwe kubwa, kwa hiyo akayagawa majina kwenye kurasa mbili zinazotazamana, matundu ya kutoboa yakakaa katikati. Kushoto, jina la kwanza lilikuwa la George W. Bush, la pili la Al Gore. Lakini tundu la pili halikuwa la Gore. Lilikuwa la Pat Buchanan, aliyeandikwa kulia. La Gore lilikuwa la tatu. Bibi kizee anaona jina la pili, anatoboa tundu la pili, anarudi nyumbani. Buchanan akapata kura zaidi ya 3,400 katika kaunti ile, na mwenyewe akasema nyingi huenda hazikuwa zake. Karatasi nyingine zaidi ya 19,000 ziliharibika kwa kutobolewa zaidi ya mara moja.

Bush alishinda Florida kwa kura 537, kati ya kura karibu milioni sita, na kwa jimbo hilo akaupata urais. Wiki tano nzima maafisa walikuwa wakiinua kadi kwenye mwanga, wakibishana kama kipande cha karatasi kinachoning'inia kwa pembe moja ni kura au si kura, mpaka tarehe 12 Desemba Mahakama ya Juu ilipofunga hesabu, majaji watano kwa wanne. LePore wala hakuwa na hila. Wakati ule alikuwa wa chama cha Gore mwenyewe. Sitawaambia Gore angefanya nini baada ya Septemba 11, na anayejidai kujua anawadanganya. Lakini mdharau mwiba mguu huota tende, na nani kati yenu anamjua anayepanga karatasi za kura katika kaunti yake?

Septemba 11 haikutushangaza sana sisi tunaoikumbuka Agosti 7, 1998, mabomu ya balozi za Marekani yalipoua watu zaidi ya 200 Nairobi na 11 Dar es Salaam, kwa mkono uleule wa al-Qaeda. Siku tatu baada ya minara ya New York kuanguka, Bunge lilipitisha ruhusa ya vita, wawakilishi 420 wakisema ndiyo. Aliyesema hapana alikuwa mmoja, Barbara Lee wa kule Oakland. Ruhusa hiyo fupi ndiyo marais wa vyama vyote viwili wameitumia miaka yote hii, hadi Somalia. Na ICE mnayoiogopa, idara inayokamata na kuwarudisha wahamiaji makwao, si ya tangu enzi: ilianza 2003, idara ya zamani ya uhamiaji ilipovunjwa na kazi zake kugawanywa.

Obama nyote mnamjua. Mwaka 2008 Kenya ilitangaza sikukuu ya taifa, na hapa tulichinja mbuzi. Mlichokiona ninyi ni hotuba ya Chicago usiku ule. Mimi napenda kuwakumbusha 1996, alipokuwa akitafuta kiti cha seneti ya jimbo la Illinois. Watu wake walikaa na fomu za wapinzani wake, zenye saini za wapiga kura waliowadhamini, wakazipitia saini moja moja, wakapinga zisizofaa, mpaka wapinzani wote wakaenguliwa na yeye akabaki peke yake kwenye mchujo wa chama. Wapo waliomlaumu kwa hilo. Lakini kijana yule alikuwa ameisoma sheria ya uchaguzi wa jimbo lake, tena kwa kiti ambacho leo mngekicheka.

Sasa tuje kwetu. Mei 25, 2020, kona ya barabara ya 38 na barabara ya Chicago, hapa Minneapolis. Taarifa ya kwanza ya polisi ilisema mtu amefariki baada ya tatizo la kiafya. Bila simu ya binti wa miaka 17 aliyerekodi polisi akimpigia goti shingoni, George Floyd angezikwa na taarifa ile. Mliandamana, na wengine tulikuwa nyuma yenu tukigawa maji. Lakini kushinda au kushindwa kwa kesi kulitegemea ofisi inayoiendesha. Gavana aliikabidhi kwa mwanasheria mkuu wa jimbo, Keith Ellison, na Aprili 20, 2021 polisi yule, Derek Chauvin, akatiwa hatiani kwa makosa yote matatu. Ofisi ya Ellison ni ya kupigiwa kura. Mwaka 2022 aliibakiza kwa tofauti isiyofika asilimia moja. Kati ya mlioandamana, wangapi mlirudi siku ile, kwa kumchagua au kwa kumwondoa?

Kila mtu anaikumbuka Januari 6, 2021, wafuasi wa Trump walipovamia Bunge, kwa sababu ilikuwa na picha. Mimi naikumbuka zaidi Novemba 23, 2020, kule Michigan. Bodi ya watu wanne, wawili kila chama, ilikutana kuidhinisha matokeo ya urais, Trump akiwa ameshindwa. Aaron Van Langevelde wa Republican alibanwa akatae. Akasema sheria inawapa kazi ya kuidhinisha tu, akapiga kura ya ndiyo. Mwenzake wa chama akajizuia. Chama chake hakikumteua tena. Taja jina lake kwenye harusi yoyote ya kwetu uone kama kuna atakayelitambua.

Basi, la kufanya. Mkipewa karatasi ya kura, igeuzeni; majaji na bodi ya shule mara nyingi wako upande wa pili. Mfano wa karatasi ya mtaa wako unapatikana mapema kwa Katibu wa Jimbo, usome nyumbani kabla ya kwenda. Hujajiandikisha? Minnesota inaruhusu kujiandikisha siku ileile kituoni. Mlio na miaka 16 na 17 mnaweza kufundishwa kusimamia kituo, na lugha zenu zinahitajika pale kuliko mnavyodhani. Kuna mama zetu wanaosimama mlangoni wakiona haya kuuliza.

Na ninyi ambao bado hamjala kiapo cha uraia, nisikilizeni kwa makini. Vikao vya jiji na vya bodi ya shule viko wazi, nendeni mkaseme. Kura msiiguse. Kura moja iliyopigwa kwa kutojua inaweza kukunyima uraia na kukurudisha ulikotoka. Unapochukua leseni ya udereva, soma kila kisanduku kwenye fomu. Karani akikuuliza kama ujiandikishe kupiga kura, sema hapana, kisha hakikisha kwa macho yako kwamba hapana hiyo ndiyo aliyoiandika.

Mzee wenu