Risala ya Klabu ya Haki za Mtoto kwa Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Siku ya Mtoto wa Afrika, 16 Juni

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Wilaya yetu,
Mheshimiwa Mwenyekiti wa Halmashauri,
Mheshimiwa Diwani,
Mkuu wa Shule na walimu wetu,
Wazazi, walezi na wanafunzi wenzetu,

Shikamooni.

Tunakushukuru kwa kuacha shughuli zako na kuja kukaa nasi kwenye jua hili. Klabu yetu ilianza na wanachama 9, leo tuko 43. Bustani na miti utaviona ukitembezwa, kwa hiyo hatutavisoma hapa. Muda tuliopewa tunaomba tuutumie kwa jambo moja tu: watoto wanaoondoka kwetu na basi la saa kumi na moja alfajiri.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, hapa kijijini hakuna anayesema kwamba mtoto amesafirishwa kiharamu. Tunasema amepelekwa mjini, amepata mtu wa kumsaidia, ameenda kukaa na mama fulani. Kwa maneno mazuri namna hiyo, nani atakwenda polisi?

Mwenzetu mmoja alifanya mtihani wa darasa la saba mwezi wa tisa, akiwa na miaka 13. Kabla matokeo hayajatoka alikuja mama mmoja, mwenyeji wa huku anayeishi Dar es Salaam, akasema atamsomesha na kumfundisha cherehani. Mama mzazi akapewa khanga na shilingi elfu ishirini. Binti akaondoka na mfuko wa Rambo wenye gauni mbili na blanketi. Januari jina lake lilikuwa kwenye orodha ya waliochaguliwa kuingia kidato cha kwanza, imebandikwa mlangoni kwa mtendaji, na yeye wakati huo anafua nguo za watu saba na kulala jikoni. Cherehani hakuwahi kuiona. Mshahara alikuwa akiambiwa anatunziwa.

Aliyemtoa ni jirani wa kule aliyepiga simu namba 116, ile ya bure ya kumsaidia mtoto. Dawati la Jinsia na Watoto la polisi likamchukua. Ugumu ukaanza hapo, maana hapakuwa na pa kumlaza, akakaa siku tatu nyumbani kwa askari wa kike aliyemwonea huruma. Nauli ya kumrudisha aliitoa mfukoni Afisa Ustawi wa Jamii. Naye yupo hapa mbele, na tunajua hatafurahi tumelisema hili.

Klabu tulipomtembelea mama mzazi alitwambia, "Nimshitaki nani? Mimi mwenyewe ndiye niliyemtoa." Tukamwomba mwalimu wetu wa Uraia atutafutie sheria, tukaisoma. Sheria ya Kuzuia Usafirishaji Haramu wa Binadamu ya mwaka 2008 inasema kwamba anayesafirishwa akiwa mtoto, ridhaa yake au ya mzazi wake haiwi utetezi mahakamani. Khanga na elfu ishirini havimwokoi yule mama wa mjini. Zamani mwenye pesa aliweza kuhukumiwa faini akaenda zake. Marekebisho ya mwaka 2022 yaliuziba mwanya huo. Nayo Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka kila mwanajamii anayejua kuwa haki ya mtoto inavunjwa atoe taarifa serikali za mitaa. Yaani hata kondakta, hata sisi.

Sheria basi zipo, na kwa maoni yetu ni nzuri kuliko tulivyotegemea. Lakini jalada la mwenzetu lilikwama, kwa sababu mtuhumiwa alijulikana kwa jina la mama fulani wa Mbagala, na namba yake ya simu ilikuwa haipatikani tena. Hakuna aliyekuwa ameandika kitu popote. Mbuzi akiuzwa mnadani anaandikiwa risiti, Mheshimiwa.

Ndiyo maana tunaomba sheria ndogo. Halmashauri inayo mamlaka ya kuitunga, na kijiji pia kinaweza kutunga ya kwake ikapitishwa na Halmashauri. Iseme kwamba mtoto chini ya miaka 18 anayeondoka kwenda kuishi na mtu asiye mzazi wake aandikwe kwanza kwa mtendaji wa kijiji: anayemchukua ni nani, kitambulisho chake, mtaa anaokaa, simu yake na ya mjumbe wake, na shule atakayosoma mtoto. Nakala iende kwa Afisa Ustawi, naye apige simu baada ya mwezi. Hatutaki sheria ya kumzuia mtoto kwenda kwa bibi yake likizo. Wengi wetu hapa tumelelewa na mashangazi, na tumelelewa vizuri. Shangazi wa kweli hataona tabu kuandika jina lake.

La pili ni fedha. Afisa Ustawi mmoja anahudumia kata nyingi kwa pikipiki ya kuazima, na mafuta anajinunulia. Tunaomba awe na fungu lake kwenye bajeti, nauli za watoto wanaorudishwa zikiwemo. Zitafutwe pia familia za kuaminika, zipewe mafunzo na godoro la ziada, ili mtoto akifika usiku ajulikane analala wapi.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kwa michango yetu ya shilingi mia mbili mbili tumenunua kauntabuku ya kwaya nne. Tumeichora safu za mambo yote tuliyoyataja, na mwenzetu huyo, ambaye sasa yuko kidato cha kwanza, ndiye aliyeandika vichwa vya safu kwa kalamu nyekundu. Tunaomba uipokee leo umkabidhi mtendaji wetu hapa hapa mbele ya wazazi, kabla ya ngoma kuanza. Mwezi wa tisa hauko mbali.

Tunaomba kuwasilisha.