Mwanaidi, usiguse hilo jina kwanza

Shoga yangu Mwanaidi,

Salamu sana, na mashallah kwa barua ya intavyu ya uraia wa Marekani. Meseji yako niliisoma usiku nikacheka peke yangu, ati "watanipokonya pasi ya Kenya?" Hakuna wa kukupokonya mama. Siku ya kiapo watachukua greenkadi, ile kadi ya ukaazi, basi, pasi yako ya Kenya unarudi nayo nyumbani ndani ya mkoba. Yale maneno ya kuwakana wafalme na watawala wa nje utayasema kama wanavyoyasema wote ukumbini, lakini Kenya hayakuvui kitu, katiba ya 2010 kifungu cha 16 kinasema raia wa kuzaliwa hapotezi uraia kwa kuchukua wa nchi nyingine. Wazee wetu walioapa miaka ya tisini ndo waliokosa hiyo bahati, wao uraia uliwatoka siku hiyo hiyo na mpaka leo akitaka kurudi kuwa Mkenya lazima apeleke maombi upya.

Sa mimi kilichonitia wasiwasi kwa meseji yako si pasi, ni pale mwisho ulipoandika juujuu kwamba kwa vile wanakubali kubadilisha jina hapo hapo kwa kiapo, utachukua jina la shemeji "kurahisisha mambo". Hebu ngoja kwanza. Kipande chako, yaani kitambulisho, pasi yako, pini ya KRA ya kodi, akaunti ya benki na hati ya kile kiwanja cha Kwale mlichoachiwa na marehemu mzee, kote umeandikwa majina matatu, lako, la baba na la babu. Ukiapa kwa jina jipya Marekani utakuwa mtu mmoja na Kenya mtu mwingine, na kila pahali karatasi za huku na za kule zinapokutana wewe ndo utasimama kueleza. Alafu kwetu tangu lini mwanamke akaacha jina la babake kwa sababu ameolewa? Hayo ya kuitwa Mrs fulani tumeyakuta huku.

Binamu yangu alibadilisha. Siku ya safari kaunta ya ndege wakamuuliza ruhusa yake ya kuingia Kenya iko wapi, manake tangu Januari 2024 Kenya imeondoa viza na mgeni mwenye pasi kama ya Marekani lazima aombe ile eTA mtandaoni kabla hajapanda ndege, akatoa pasi ya Kenya aonyeshe kwamba yeye si mgeni, kumbe tiketi na pasi ya Marekani zina jina moja na ya Kenya ina lingine, sura ile ile lakini kwa yule kijana wa kaunta hawa ni watu wawili. Alisalimika kwa ile karatasi ya korti ya kubadilisha jina, nusura abaki. Na alipofika Mombasa ikawa zamu ya benki, leta cheti cha ndoa, leta hiki, leta kile, likizo yote imeishia kwenye foleni. Ukitaka kweli kubadilisha, anza kule nyumbani, kipande kwanza alafu pasi, ndo uje huku. Na ujue pia jina likibadilishwa kwa njia ya kiapo lazima kiapo chenyewe kiwe mbele ya jaji, kwa hivo waweza kungoja tarehe zaidi ya wenzako.

Haya, ukishaapa kuna kipindi utakuwa huna greenkadi na pasi ya Marekani bado hujapata, na cheti cha uraia chenyewe, ile orijino, lazima ukitume pamoja na fomu ya pasi, wanakurudishia baadaye kwa bahasha yake. Kwa hivo usikate tiketi ya karibu karibu, hata kama kuna harusi. Piga skani ya cheti kabla hakijatoka mkononi.

Alafu kuna jambo ambalo watu wetu wengi wanalipuuza na mimi naona ni ujinga mtupu. Sheria ya uraia ya Kenya ya 2011 inataka uwajulishe ndani ya miezi mitatu kwamba umekuwa raia wa nchi mbili. Ukinyamaza ni kosa, faini mpaka milioni tano za Kenya au kifungo mpaka miaka mitatu au vyote viwili. Utasikia "nani ameshikwa?" Sijui nani ameshikwa, mimi najua fomu ni fomu, ingia eCitizen, ile tovuti ya huduma za serikali ya Kenya, ujaze ulale usingizi.

Safarini mambo ni mepesi kuliko watu wanavyoyatisha. Kaunta ya ndege wape pasi ya kule unakoenda, na mbele ya uhamiaji wape pasi ya nchi uliyosimama. Ukitoka Mombasa kurudi, watu wa ndege waonyeshe ya Marekani manake wanataka kujua utaruhusiwa kuingia, afisa wa uhamiaji mpe ya Kenya, ile uliyoingilia. Akiuliza viza ya huko uendako mtolee ya pili bila kubabaika, si siri wala si kosa. Na kuingia Marekani ukiwa raia ni kwa pasi ya Marekani tu, hiyo ni sheria yao. Mkienda Tanga kwa mama mkwe pitia Lunga Lunga na Horohoro kwa pasi ya Kenya kwenda na kurudi, ukijisahau ukatoa ya Marekani utatozwa viza ya dola 100 kwenda kula wali wa mkweo!

Shemeji naye kwa vile ni Mtanzania mwambie asifuate mkumbo wako. Tanzania si Kenya, mtu mzima akichukua uraia mwingine kwa hiari yake wa kwao umekwisha, na ile hadhi maalum wanayoizungumzia kwa waliotokwa na uraia ni afueni lakini si uraia. Akae na greenkadi yake afikirie taratibu, mkiamua muamue pamoja. Watoto wako salama, hata kama wamezaliwa Minneapolis ni Wakenya kupitia kwako, katiba inasema mama au baba. Waanzishie vyeti vyao mapema.

La kodi nitakupigia tulizungumze, ni refu. Ila kama pesa zako za benki za Kenya zote zikijumlishwa ziliwahi kupita dola 10,000 siku yoyote ndani ya mwaka, kuna ripoti unatakiwa upeleke, na hiyo hata wenye greenkadi inawahusu, kwa hivo usiseme ni mambo ya baada ya kiapo.

Sasa nijibu kabla hujaenda intavyu, lile swali la jina kwenye fomu ya maombi ya uraia ulilijaza vipi? Kama uliandika ndiyo, mwambie afisa siku hiyo hiyo kwamba umebadili nia. Msalimie shemeji na wabusu watoto.

Wako,
Zuhura
Columbus