Mstari wa njano ulionitoa jasho

Buruburu, Nairobi
Jumapili jioni

Salim ndugu yangu,

Salamu tele kutoka huku baridini. Sisi wazima. Mama bado ananiuliza utakuja lini, nami bado nampa jibu lilelile la mwaka jana.

Picha ya lile basi lako dogo la mfano niliiona. Nilicheka kwanza, ndipo nikakuonea huruma: maandishi yote yameyeyuka kama chaki iliyonyeshewa. Printa yako ni ya wino wa maji, basi ulipoizamisha majini stika yako, ule utando wa picha unaoloweshwa ili uteleze kutoka kwenye karatasi yake, wino ukarudi ulikotoka. Ukishachapa, iache karatasi ikauke usiku kucha, kisha ipulizie vanishi angavu mara tatu. Ya kwanza iwe nyepesi kama pumzi, kwani ukiimwaga wino utatambaa hapohapo. Na kwa unyevu wa Mombasa, usipulizie siku ya mvua. Vanishi itafanya ukungu mweupe. Mimi siku hizi nachapishia River Road kwa printa ya leza, ambayo unga wake hauogopi maji. Lakini karatasi ya stika lazima iwe ya leza, maana nyingine hazihimili joto na zitanatia ndani ya mashine ya watu. Mwenye duka aliikagua yangu mbele na nyuma kama noti bandia.

Sasa usidhani nakucheka kwa kuwa mimi fundi. Unakumbuka ile matatu ya buluu niliyoanza kuunda, ya njia namba 58 ya Buruburu? Matatu bila mstari wa njano si matatu, tangu zile sheria za 2004 za Michuki, aliyekuwa waziri wa uchukuzi. Nikachapa mstari wa milimita 4 kwenye stika angavu isiyo na rangi, njano ya kupendeza kabisa ukiitazama karatasini. Nikaubandika ubavuni. Njano ikazama, nikabaki na kijani cha maji ya bwawa! Nilikaa kitandani nikiitazama ile gari, chai ikapoa. Kumbe wino wa printa ni kama kioo cha rangi: kilicho chini kinapenya. Printa zetu hazina wino mweupe, kwa hiyo weupe wote unaouona kwenye picha ni weupe wa karatasi. Kwenye stika angavu hakuna weupe.

Nikaung'oa kwa utepe wa gundi, nikanunua karatasi nyeupe ya stika. Ukiitumia hiyo, kata kwa wembe mpya ukifuata ukingo wa rangi yenyewe. Ukiacha hata unywele, utaona uzi mweupe mpaka mwisho wa dunia. Kingo nilizipitishia rangi ya njano kwa ncha ya brashi.

Kubandika kwenyewe, usiwe na pupa. Nilipaka gari vanishi ya kung'aa kwanza, maana kwenye rangi iliyoparara hewa hunasa chini ya stika, ikikauka inameta kifedhafedha. Stika niliitia kwenye maji ya vuguvugu kama sekunde 30, nikaitoa na kuilaza kwenye sahani. Hapo ndipo wengi wanaharibu, wanaivuta. Wewe iguseguse kwa kidole tu. Ikiwa tayari itateleza yenyewe. Nililowesha ubavu wa gari kwa maji yenye tone la sabuni ya vyombo, nikaisukuma stika kutoka kwenye karatasi yake moja kwa moja hadi mahali pake, bila kuiinua. Ikielea hivyo unaweza kuinyoosha hata mara kumi. Kisha nikafyonza maji kwa kona ya tishu, kutoka katikati kwenda nje.

Kwenye ukingo wa mlango ilikataa kulala. Nikapaka siki kidogo kwa brashi, ikalegea, lakini si sana. Utando wa stika za nyumbani ni mnene. Mwisho nilipasua kwa wembe kwenye ufa wa mlango, ikatulia. Kiputo kimoja nilikitoboa kwa sindano.

Bado vanishi ya mwisho. Naogopa kidogo, kwa sababu kopo nililonunua Kirinyaga Road ni la magari ya kweli na ni kali. Nitajaribu kwanza kwenye kipande kilichobaki.

Ndani ya bahasha nimekuwekea karatasi mbili nyeupe, za wino wa maji. Kama imefika imekunjwa, mlaumu aliyeibeba. Nawe usisahau picha ya tuktuk ya Likoni uliyoniahidi, ubavu wa kushoto hasa.

Rafiki yako,
Kamau