Barua kwa mwalimu mwenzangu wa Busia

Arua,
Jumapili jioni.

Dada yangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka huku Nile Magharibi. Sisi hatujambo, mvua zimeanza na mihogo ya mama imeshika vizuri. Barua yako ilinifikia Alhamisi, nami nimekuwa nikilala na kuamka na swali lako: ufanyeje ili watoto wa darasa la saba, mkifika kwenye Umoja wa Mataifa na mashirika yake, wasiishie kukariri mwaka na makao makuu, halafu vyote vikawatoka siku ya kumaliza mtihani.

Mimi huanzia mpakani. Wewe mpaka unao mlangoni, mimi ninao Vurra, safari fupi tu ya bodaboda. Wengi wa wanafunzi wangu wamekwishavuka na mama zao kwenda soko la Ariwara upande wa Kongo, na huko wanakuta watu wanaosema Kilugbara kilekile cha nyumbani. Basi nawauliza, mpaka huu aliuweka nani? Wengine husema Mungu, wengine serikali. Hapo ndipo ninapowatolea habari ya Lado, kama eneo hili lilivyoitwa zamani. Mwaka 1894 Waingereza walimkodisha Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji nchi hii tunayoikalia, iwe yake maadamu yu hai. Alikufa Desemba 1909, mwaka uliofuata ikatiwa Sudan, na mwaka 1914 upande wetu ukahamishiwa Uganda. Nawaambia wamfikirie mtoto aliyezaliwa hapa Arua mwaka 1900. Hata kabla hajatimiza miaka kumi na mitano amekwishakuwa mtu wa Leopold, mtu wa Sudan na mtu wa Uganda, na hajatoka nje ya boma la baba yake.

Huichora ramani hiyo sakafuni kwa chaki, kila mwaka na mstari wake, na watoto wanasimama ndani. Mstari ukifutwa wanabaki palepale, nchi imebadilika. Muhula huu kijana mmoja aliniuliza, "Sasa mwalimu, babu wa babu yangu alikuwa nani?" Darasa lilinyamaza. Dada, swali hilo lilinifurahisha kuliko majibu yote sahihi niliyowahi kusahihisha.

Kutoka hapo habari ya wakimbizi haihitaji kulazimishwa. Unajua mama yangu alivuka kwenda Zaire mwaka 1980, kaka yangu mkubwa akiwa mgongoni, baada ya Amin kuanguka na watu wa huku kulipiziwa yasiyowahusu. Waliowapokea huko waliwapa mahali pa kulima. Nyumba nyingi hapa zina hadithi kama hiyo, ila watoto hawajaisikia, maana wazee hawapendi kuisema. Kwa hiyo nawatuma nyumbani wakaulize: nani alivuka, mwaka gani, alipokelewa na nani? Wakirudi na majibu ndipo tunapozungumza juu ya kambi ya wakimbizi ya Bidi Bidi kule Yumbe, iliyofunguliwa mwaka 2016 Wasudani Kusini walipomiminika, na juu ya sheria yetu ya wakimbizi ya mwaka 2006 inayowaruhusu kufanya kazi na kutembea nchini. Wanaielewa sheria hiyo wakiwa wanamfikiria bibi yao.

Lakini lililonitoa jasho ni somo la mahakama.

Kitabu kinasema tu kwamba Umoja wa Mataifa una mahakama, iko The Hague, Uholanzi. Ningeweza kuliandika hilo ubaoni nikaendelea. Ila darasani nina msichana aliyekuja na bibi yake kutoka Ituri, huko Kongo. Anakaa benchi moja na mtoto ambaye baba yake ni askari. Wanagawana kifutio, na mmoja akichelewa mwenzake humwekea nafasi. Nilikaa na maandalio yangu ya somo usiku kucha nikijiuliza kama niwaletee kesi ya Kongo na Uganda mbele ya wawili hao. Nikaona kwamba nikiiacha, msichana yule atakuwa ameshaambiwa habari hiyo kwao na mwenzake hataisikia kabisa, nao wataendelea kukaa benchi moja huku mmoja anajua na mwingine hajui. Nikaileta.

Niliwaeleza polepole. Kongo ilifungua mashtaka mwaka 1999. Desemba 2005 majaji wakaamua kwamba Uganda ilikiuka sheria ya kimataifa kwa kutumia nguvu za kijeshi katika nchi ya wengine, na kwamba Ituri ilikuwa mikononi mwa jeshi letu. Niliwaeleza pia kwamba hukumu hiyohiyo iliikuta Kongo na kosa, kwa yaliyotendeka kwenye ubalozi wetu Kinshasa. Halafu Februari 2022 fidia ikapangwa: dola milioni 225 kwa madhara yaliyowapata watu, milioni 40 kwa mali, milioni 60 kwa maliasili. Watoto wakajumlisha wenyewe, 325. Nikawaambia zilipwe kwa miaka mitano, wakagawanya, 65 kila mwaka, na awamu ya kwanza ililipwa Septemba mwaka huohuo. Nilipowaambia kwamba Kongo ilikuwa imedai zaidi ya bilioni 11, walipiga mluzi.

Ulijua kwamba mmoja wa majaji wa mahakama hiyo ni Mganda? Julia Sebutinde, alianza kuketi pale mwaka 2012, mwanamke wa kwanza kutoka Afrika. Wasichana wangu waliliandika jina lake nyuma ya daftari bila kuambiwa.

Somo ni la Kiingereza, kama mtaala unavyotaka, lakini maswali yalipoanza Kiswahili kiliingia chenyewe, nami sikukizuia. Mtoto wa askari ndiye aliyeanza: "Mahakama haina polisi. Nani angetulazimisha kulipa?" Hapo nikapata mlango wa Baraza la Usalama, ambako nchi iliyoshinda inaweza kupeleka malalamiko hukumu isipotekelezwa. Tukapanga viti kumi na tano, vitano vya kudumu, na wale watano nikawapa kadi nyekundu ya kura ya turufu. Mara tatu pendekezo liliungwa mkono na kumi na wanne, na mara tatu kadi moja ililiua. Walikasirika kwelikweli. Nikawaambia kwamba viongozi wa Afrika nao wanayo hasira hiyo, tangu mwaka 2005 wanadai viti viwili vya kudumu.

Kisha msichana wa Ituri akanyoosha mkono. Yeye ni mpole, huwa hasemi. Akauliza, "Hizo pesa zitafika kwa bibi?"

Nilimwambia ninalolijua. Anayelipwa ni serikali ya Kongo, kwa kuwa mahakama hii husikiliza kesi za nchi na nchi, na serikali hiyo imeunda mfuko wa kuwalipa walioumizwa. Kama jina la bibi yake litafika kwenye mfuko huo sikuweza kumwambia, nikakiri mbele ya darasa zima. Alikaa. Mwenzake akamsogezea daftari lake, akamwonyesha alivyogawanya 325 kwa tano, kana kwamba hesabu ile ingemsaidia. Nilijifanya nafuta ubao.

Wiki iliyofuata mzazi mmoja alikuja shuleni, amekasirika, akasema ninawafundisha watoto kuichukia nchi yao. Maneno yale yaliniuma, kwa sababu naipenda nchi hii na yeye ananijua. Nilimfungulia daftari la mwanawe. Mtoto alikuwa ameandika kwa mwandiko wake mzuri: "Nchi yetu ilishtakiwa. Ilikwenda kujitetea. Ilishindwa. Inalipa." Alisoma mara mbili, akanirudishia, akaaga. Sidhani nilimridhisha, lakini mtoto hajamhamisha.

Kwa hiyo dada, usiogope kuwaletea watoto jambo linalowagusa. Ninyi Busia mna lenu. Mnaona magari ya mizigo yakipanga foleni, mnaona mtu wa kawaida akivuka na kitambulisho mkononi, na Jumuiya ya Afrika Mashariki iliyovunjika mwaka 1977 ikafufuliwa kwa mkataba wa Arusha wa 1999 inapita mbele ya dirisha la darasa lako kila asubuhi. Wapeleke wakahesabu magari, wawaulize madereva wanaelekea wapi. Mzigo wa Juba au wa Goma utawafundisha kwa nini Sudan Kusini iliomba kuingia, ikakubaliwa mwaka 2016, na Kongo mwaka 2022.

Nina ombi pia. Wanao na wangu waandikiane barua, kwa Kiswahili, kila mmoja aeleze mpaka wake. Wangu ni arobaini na watatu. Msichana wa Ituri ameshaanza yake, ameandika kurasa mbili na anataka ya kwake ipokelewe na mtu mwenye bibi. Nitafutie mtoto wa namna hiyo, kisha uniandikie kabla shule hazijafungwa nizikusanye barua zote nikutumie kwa basi.

Mama anakusalimu, anauliza kama bado unapenda sombe yake. Wasalimie shemeji na watoto.

Ni mimi ndugu yako,
wa Arua.