Muulizeni fundi paa litashikwa na nini

Mhariri,

Tangu Kimbunga Hidaya kipite pwani yetu Mei 2024, hapa Lindi kila mwenye nyundo ni fundi wa kuezeka. Nasi wenye nyumba tunauliza bei na rangi ya bati tu, utadhani mji huu haukupigwa na kimbunga mwaka 1952.

Muulizeni kenchi, zile fremu za mbao zinazobeba bati, atazifunga na nini kwenye linta, ule mkanda wa zege juu ya kuta: misumari mitupu au mikanda ya chuma? Upepo hulinyanyua paa, hasa pembeni na kwenye kingo. Na bati la geji 32 ni jembamba kuliko la geji 28, hata muuzaji akiapa. Awaonyeshe nyumba aliyoezeka zamani, si picha za simuni. Fedha ya mwisho apewe mkishapanda ngazi kukagua.

Msomaji wenu,
Lindi