Risala ya Klabu ya Umoja wa Mataifa kwa Mgeni Rasmi, Mheshimiwa Mbunge

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Shule, wajumbe wa Bodi, walimu, wazazi na wanafunzi wenzetu, shikamooni.

Mheshimiwa, karibu sana shuleni kwetu hapa Morogoro. Tumekualika kwa sababu kila unapochangia bajeti ya Wizara ya Mambo ya Nje, unakumbusha kwamba Tanzania haikuwahi kujiona nchi ndogo mbele ya mataifa.

Mwezi uliopita tulikwenda Mazimbu, kwenye makaburi ya wapigania uhuru wa Afrika Kusini. Tulifagia majani makavu. Mwenzetu wa kidato cha pili alichutama mbele ya kaburi moja, akahesabu miaka kwa vidole, akanyamaza. Aliyelala pale alikuwa kijana. Shule ya wapigania uhuru hao, iliyokuwa hapo Mazimbu, ilipewa jina la mwenzao Solomon Mahlangu, aliyenyongwa na serikali ya makaburu Aprili 6, 1979, na ardhi ilitolewa na serikali yetu, nchi yenyewe ikiwa na dhiki zake.

Msimamo huo ulikuwa na gharama. Mwaka 1965 tulivunja uhusiano na Uingereza kwa sababu haikuwazuia walowezi wachache wa Kizungu waliojitangazia uhuru Rhodesia, Zimbabwe ya leo, na mkopo wake wa pauni milioni 7.5 kwetu ukazuiwa. Kinachotugusa zaidi ni kwamba Mwalimu Nyerere alisimama bungeni Desemba 14 mwaka huo akaeleza sababu.

Siku hizi tunazungumzia diplomasia ya uchumi. Hatuipingi, wazazi wetu wanalima mpunga na nyanya, wanahitaji masoko. Ila Ibara ya 63 ya Katiba inalikabidhi Bunge kazi ya kujadili na kuridhia mikataba, na mwaka 2021 liliridhia ule wa Eneo Huru la Biashara Barani Afrika. Tulipotaka kuusoma, maktaba yetu haikuwa na nakala ya Kiswahili. Tulishika kamusi, tukafika ukurasa wa tatu, tukakwama. Na Kiswahili hicho hicho ni lugha ya kazi ya Umoja wa Afrika tangu 2022!

Mheshimiwa, tunakuomba utusemee: kila mkataba unaoletwa bungeni uje na tafsiri ya Kiswahili, na nakala zifike shuleni kabla haujaridhiwa. Siku utakapojadiliwa mwingine, tunaomba utualike Dodoma. Tutakaa kwenye jukwaa la wageni, tukiwa tumeshausoma.

Tunaomba kuwasilisha.