Noti zilezile, wapigaji watano

Dar es Salaam

Haji, ndugu yangu,

Assalaam alaykum. Huku sote hatujambo, ila mgongo wa mama ndio vilevile, leo afadhali, kesho taabu. Natumai nawe na watoto mu wazima, na ile kanuni, ala ya nyuzi ya kikundi chenu cha taarabu, imeshapata nyuzi.

Barua yako nimeipata na nimecheka peke yangu. Eti kwa nini mtu mwenye akili zake asikilize kipande kimoja kwa wapigaji watano, na noti ni zilezile? "Chelo ni chelo," umesema. Haya, na wewe je? Bashraf moja, ule muziki wetu mtupu usio na maneno, akiipiga fulani kisha akaipiga fulani, si ni wewe unayetoka nje na kusema yule kapiga, huyu kahesabu tu? Basi tulia nikueleze.

Ninachokisikiliza ni Johann Sebastian Bach. Karibu mwaka 1720, akiwa mtumishi wa mtawala wa Köthen, Ujerumani, aliandika mifululizo sita ya ngoma, yaani miziki ya kuchezwa, kwa chelo peke yake, ile fidla kubwa ishikwayo kati ya magoti, hana wa kumshikia besi wala mdundo. Karatasi alizoziandika kwa mkono wake zimepotea. Kilichobaki ni nakala za watu, na inayosifika zaidi ni ya mkewe wa pili, Anna Magdalena. Bibi huyu noti kazinakili vizuri, lakini zile tao zinazoonyesha noti zipi zivutwe kwa upinde mmoja kaziweka juujuu. Tao linaanza kati ya noti mbili, linaishia hewani, na mstari wa pili wenye noti zinazofanana lina umbo jingine. Kwa hiyo kila mpigaji inambidi aamue mwenyewe wapi avute na wapi aachie. Wewe unamjua mwimbaji anayepumua baada ya neno na yule anayelikata neno katikati. Maneno ni yaleyale, lakini wa pili humtaki jukwaani.

Nimeshikilia mfululizo wa tano kwa sababu una vituko vyake. Bach anataka uzi wa juu ushushwe kutoka noti ya la hadi ya sol. Chelo inakuwa na sol mbili, moja ya chini na moja ya juu, ukiigusa hii ile nayo inaitika, na mlio wote unaingia kiza. Wapigaji wengi wa karne ya 20 waliuacha uzi mahali pake, maana vidole vilishazoea. Katikati ya mfululizo huo iko sarabandi, ngoma ya mwendo wa polepole, ya vipimo 20 tu, yaani visehemu vya mapigo, vinane halafu kumi na viwili, kila upande ukirudiwa. Hakuna noti mbili zinazolia kwa pamoja hata mara moja. Noti nne fupi, kisha moja ndefu, ndiyo karibu habari yake yote. Ndiyo maana naitumia kuwapima: mpigaji hana pa kujificha.

Nianze na mzee wao, Pablo Casals wa Catalonia, Hispania. Alikuta chapa ya mifululizo hii kwenye duka la karatasi kuukuu Barcelona akiwa na miaka 13, akaifanyia mazoezi miaka mingi kabla hajathubutu kuipiga mbele za watu. Alirekodi yote sita kati ya 1936 na 1939, London na Paris, kwa kampuni ya His Master's Voice. Ndiyo, hiyohiyo ya mbwa na gramafoni, iliyomrekodi Siti binti Saad na wenzake Bombay mwaka 1928. Na shida yao ilikuwa moja. Santuri ya mizunguko 78 upande mmoja haufiki mbali, dakika nne, tano kwa kubana sana, na utangulizi wa mfululizo wa tano ukiupiga mzima unapita hapo. Mara nyingine najiuliza ni mwendo gani alioutaka Casals na ni upi aliolazimishwa na santuri, kama ninavyojiuliza beti ngapi za Siti zilibaki Bombay bila kurekodiwa.

Mfululizo wa tano aliurekodi Paris, Juni 1939, vita vya Hispania vimeisha miezi michache nyuma na yeye ameshakuwa mkimbizi Ufaransa. Watu wanasema unaisikia huzuni ya vita ndani ya upinde. Mimi, nakwambia kweli, nasikia mchakacho wa santuri, na chini yake mtu anayeteleza kutoka noti hadi noti kama waimbaji wa enzi zake. Sarabandi kwake ni wimbo. Mzuri mno, lakini ni wimbo, na kuna pahala naona noti ndefu anaishika kwa kuwa anaipenda mwenyewe. Usimwanze yeye. Utamstahi kwa ukongwe wake na masikio yatalala.

Pierre Fournier, Mfaransa, wa mwanzoni mwa miaka ya 1960, ni mtu aliyepiga pasi. Kila kitu kiko mahali pake. Ukiwa na wageni weka huyo. Mstislav Rostropovich alingoja hadi mwaka 1991, umri umeshapita sitini, ndipo akaenda kuirekodi yote sita katika kanisa la Vézelay, Ufaransa. Jina kubwa, tena ndiye yule aliyekaa kitini kando ya Ukuta wa Berlin mwaka 1989 akapiga Bach. Lakini lile kanisa linarudisha kila mlio, na yeye hana haraka, mpaka ngoma inasahau kuwa ni ngoma. Najua utanigombeza. Gombeza ukishasikiliza.

Sasa ninayemtaka umsikie ni Anner Bylsma, Mholanzi, na hasa rekodi yake ya kwanza, ya 1979. Amerudia tena 1992 kwa chelo ya fundi Stradivari ya mwaka 1701 iitwayo Servais, iliyo mali ya makumbusho ya Smithsonian, Marekani. Chelo nyingi za zamani zilikuja kupunguzwa mwili ili ziwe nyepesi mkononi, hiyo ikaachwa na ukubwa wake, na besi yake utaisikia kifuani. Kwa mlio mtupu, hiyo ya pili inashinda. Lakini ya kwanza ina kitu. Bylsma haimbi, anazungumza. Sikiliza vipimo viwili vya mwanzo vya sarabandi: upinde unagusa uzi, noti inazaliwa, inavimba kidogo, na kabla hujaishiba ameshaiachia. Zile nne fupi hazilingani hata kidogo. Ya kwanza ina uzito, ya pili inapita, ya tatu inaegemea, ya nne kama imesahauliwa. Halafu ndefu inakuja na haikazwi, inaachwa ikae. Tao za Anna Magdalena anazichukua kwa uzito hata pale zinapoonekana kama makosa, na ajabu ni kwamba, zikitoka mkononi mwake, zinaeleweka.

Nyuzi zake ni za utumbo, na wewe huhitaji kufundishwa tofauti ya utumbo na chuma. Uzi wa utumbo haukubali kuamrishwa. Ukiusukuma kwa nguvu unakwaruza, ukiubembeleza unatoa punje kwanza, kisha mlio. Wenzetu hawa wa muziki wa zamani huushusha pia mlio mzima: leo noti ya la ni mitetemo 440 kwa sekunde, wao huiweka 415, nusu sauti chini. Pieter Wispelwey, Mholanzi mwingine, ameirekodi mifululizo hii mara tatu, na ya tatu, ya 2012, ameshuka hadi 392. Sauti nzima chini! Kwetu kushusha ni kumhurumia mwimbaji, lakini yeye hana mwimbaji, ameshuka kwa ajili ya uzi wenyewe. Uzi ukilegea unachelewa kujibu, na unasikia kabisa mvutano kati ya mkono na mbao. Pahala pengine anacheza na mwendo mpaka nachoka naye. Kwenye utangulizi lakini, ile sehemu ya pili ya mbio, hakuna anayemfikia. Mstari mmoja tu wa noti unakuaminisha kuwa wako watu watatu wanabishana.

La kwako mahsusi nimeliweka mwisho. Nimekwambia mkono wa Bach haupo kwa chelo. Lakini kwa mfululizo huu wa tano upo kwa namna nyingine. Kati ya 1727 na 1731 hivi, Bach aliuandika upya kwa luti, binamu wa Kizungu wa udi wako, akaupandisha kutoka do hadi sol, na juu yake akaandika kwa Kifaransa kuwa ni vipande vya luti kwa Bwana Schouster. Karatasi hizo ziko Maktaba ya Kifalme ya Brussels. Na humo kafanya nini? Kaongeza besi. Zile sauti za chini ambazo kwenye chelo unazidhania tu, kwenye luti kaziandika waziwazi. Ukitaka kujua Casals alipitiwa wapi na Bylsma alipatia wapi, hapo pana ushahidi wa mwenyewe.

Msikilize Hopkinson Smith, Mmarekani aliyehamia Basel, Uswisi. Luti ya wakati huo ina safu 13 za nyuzi, na mlio wake unakufa upesi kama wa udi, hauwezi kuvutwa. Kwa hiyo ile noti ndefu ya sarabandi, ambayo wenye chelo wote wanaigombania, yeye anaidonoa mara moja tu na kuacha besi iseme chini yake. Unasikia ncha za vidole zikisugua uzi anapohama. Wala hachelewi. Tangu nimsikie yeye, Rostropovich amezidi kunielemea.

Zote zimo kwenye intaneti, bando dogo linatosha ukichukua sarabandi peke yake. Ila sawazisha sauti kabla ya kulinganisha. Rekodi inayotoka kwa nguvu zaidi hudanganya sikio likaiona bora, na ya Casals itatoka dhaifu kuliko zote. Tumia zile spika za masikioni nilizokuletea, si simu juu ya meza.

Kisha shika udi, ushushe uzi unavyotaka, uipige sarabandi hiyo na besi zake. Noti za luti nitakutumia kwa barua pepe kesho, ni kurasa chache tu. Nirekodie hata kwa simu, watoto wakipiga kelele haidhuru. Na mwambie mwalimu wako wa fidla kwamba lile deni la nyuzi sijalisahau, mwisho wa mwezi nitalituma.

Wasalaam,
Salum